Punguza Mapenzi na Z: pointi za Scrabble ziko kwenye herufi za pointi moja

Kuna watu wakivuta Z kwenye Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi zenye pointi, unawajua hata hawajasema kitu. Anakaa vizuri kwenye kiti, anaanza kutabasamu peke yake, halafu raundi tatu nzima anatoa vineno vya pointi sita sita kwa sababu ile Z anaitunza, anasubiri siku yake ifike. Akiwa na Q ndo usiseme. Mwisho wa gemu herufi inabaki mkononi, anakatwa pointi zake, na anayekatwa ndo huyo huyo aliyekuwa anatabasamu.

Sasa mimi hoja yangu ni moja tu na wazoefu wa huu mchezo wanaijua siku nyingi, ila sisi tunaocheza sebuleni na kwenye simu hatuitilii maanani: pointi nyingi hazitoki kwenye herufi kubwa. Zinatoka kwenye hizi A, E, I, N, R, S, T, herufi za pointi moja moja, ambazo mtu akizivuta anasonya.

Tupige hesabu kidogo, hesabu haina ushabiki. QUIZ ni neno ambalo kila mtu analiota. Q ni 10, U ni 1, I ni 1, Z ni 10, jumla 22. Mtu anaweka hiyo mezani kwa kishindo kabisa. Jirani yake ana vigae saba vya kimaskini, kila kimoja pointi 1, anakaa nazo kimya anazungusha zungusha, anaweka RETAINS. Jumla 7. Unacheka? Ngoja, ametumia vigae vyote saba kwa mpigo na sheria inampa 50 za nyongeza, kwahiyo ni 57. Na kama ndo neno la kwanza la gemu, lile linalopita kwenye nyota ya katikati na kuongezwa mara mbili, QUIZ inakuwa 44 na RETAINS inakuwa 14 jumlisha 50, yaani 64. Maskini kashinda. Hiyo ya kumaliza vigae vyote saba Wamarekani wanaiita bingo, na mchezaji mzuri haingii kwenye gemu kutafuta Z, anaingia kutafuta bingo.

Sasa swali linakuja, kwanini hizo herufi zina bei zilizo nazo? Hapa inabidi nimtaje Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa kule jimbo la New York aliyepoteza kazi kipindi uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930. Jamaa hana kazi, ana muda, akakaa na magazeti kama New York Times anahesabu kwa mkono herufi gani inatokea mara ngapi. Kutokana na hesabu ile ndo akapanga idadi ya vigae na bei zake: E ziko 12, A na I ziko 9 kila moja, Q na Z iko moja moja tu. S akaweka nne, maana kwa Kiingereza ukiwa na S nyingi unabandika tu mwisho wa kila neno na mchezo unakufa. Baadaye, 1948, James Brunot akaupa jina la Scrabble na kuanza kuutengeneza kwa ajili ya kuuza. Ila angalia hiyo bei ilitoka wapi. Ilitoka kwenye uadimu wa herufi gazetini. Bei ya Z inakwambia Z ni adimu, haikwambii kwamba Z itakusaidia wewe, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, wanaochanganya ndo hao nilioanza nao hapo juu. Wanaojua hizi mambo wanahesabu kwamba ile S ya pointi 1, ukiwa nayo mkononi, thamani yake ni kama pointi 8 hivi, na kile kigae kitupu ambacho wengi tunakiita jokeri, chenye pointi sifuri kabisa, kina thamani ya 25 au hata zaidi. Sifuri! Kwa sababu hicho ndo kinakufungulia bingo.

Haya, tuseme umekubali. Sasa hizo herufi saba unazitoaje neno? Hapo ndo wengi tunakwama, mtu anaziangalia kama zilivyokuja kwenye kile kimbao chake, dakika mbili, tatu, haoni kitu, anaanza kulaumu bahati.

Kitu cha kwanza ni kuacha kuziangalia zilivyokuja. Panga kwa alfabeti. Najua inasikika ya kijinga, lakini herufi zikipangwa A mpaka Z kila seti inakuwa na sura moja tu, haijalishi umezivuta kwa mpangilio gani. Ile RETAINS ukiipanga inakuwa AEINRST. Ukishaizoea hiyo sura, siku ikitokea tena hutafuti, unaikumbuka tu, na unakumbuka ukoo wake mzima: NASTIER, RETAINS, RETINAS, ANTSIER, RETSINA, STAINER, STEARIN, zote zimo humo humo, na kwenye kamusi ya Collins inayotumika kwenye mashindano ya dunia zipo nyingine zaidi. Kwanini ujue zote wakati moja inatosha kupata 50? Kwa sababu ubao unabana. Ni lazima neno lako liguse maneno yaliyopo, na kuna siku nafasi pekee inataka neno linaloanzia na S, siku nyingine linaloishia na S, siku nyingine herufi ya tatu iwe T maana T ndo inayokamilisha neno linalokatiza pale. Mwenye neno moja ana mlango mmoja.

Hata programu za kutafuta maneno, zile unaandika herufi zako inakuletea orodha, kwenye roho yake zinafanya hivyo hivyo. Fikiria herufi saba zote tofauti. Ukitaka kujaribu kila mpangilio, wa herufi mbili, tatu, mpaka saba, ni mipangilio 13,692. Lakini ukizipanga kwa alfabeti halafu ukachukua vikundi tu bila kujali nani ametangulia, vinabaki vikundi 120. Mia na ishirini! Kompyuta inakuwa imeshapanga kamusi nzima kwa namna hiyo hiyo, inalinganisha tu, imemaliza hujapepesa jicho. Zile zinazocheza gemu kamili na ubao zina ujanja mwingine juu yake, kamusi inahifadhiwa kama mtandao wa njia, maneno yenye mwanzo mmoja yanapita njia moja na yenye mwisho mmoja yanakutana tena kule mbele. Andrew Appel na Guy Jacobson waliandika kuhusu hiyo mwaka 1988 na mpaka leo programu zinatembea juu ya wazo lile. Ila wewe kichwani mwako huhitaji mtandao, unahitaji alfabeti tu na uvumilivu.

Kitu cha pili ni mashina. Hapa ndo utamu ulipo aisee. Wachezaji wamekaa wakatafuta ni herufi sita zipi ambazo ukiongeza ya saba, karibu yoyote ile, unapata neno. Maarufu kuliko zote ni TISANE, ambayo yenyewe ni chai ya majani ya mitishamba. Ukiwa nayo hiyo mkononi unasubiri herufi moja tu. Ikija B ni BASINET. Ikija D ni INSTEAD. G inakupa SEATING na TEASING. K, INTAKES. L, SALIENT. M, INMATES. U, AUNTIES. V, NATIVES. Hata wale wakubwa wanaingia, Z ikija ni ZANIEST, yaani 16 jumlisha 50 ni 66 kabla hujahesabu vijumba vya rangi vinavyozidisha pointi, na hapo ndo Z inalipa kweli, ikiwa mgeni kwenye nyumba ya herufi za pointi moja. H ikija kuna SHEITAN, na ndiyo, ni huyo huyo unayemfikiria. Q na Y tu ndo zinakataa, hakuna kitu. Kwahiyo mchezaji akiwa na T, I, S, A, N na vingine viwili vya ajabu kama V na V, hatafuti neno kubwa, anavitoa tu hivyo viwili kwa bei yoyote ili abaki na shina lake anasubiri E. Huyu anayefikiria atabaki na nini anamshinda anayefikiria ataweka nini, na hata nyie mnaocheza karata mnalijua hili.

Halafu kuna kuvunja neno kwa viambishi, ING ukiwa nayo isogeze pembeni kulia, ED, ER, EST, IER hivyo hivyo, RE na UN na OUT zisogeze kushoto, zinazobaki katikati ni nne au tano na ubongo unaziweza. Hii haina mengi ya kueleza, jaribu tu.

Sasa Q. Nimesema vibaya sana kuhusu Q na nisipofafanua watu wa pwani watanishangaa, kwa sababu wao Q hawapaswi kuiogopa kabisa. Q inawatesa wanaodhani ni lazima ifuatane na U. Kuna QI, herufi mbili tu, pointi 11, na hiyo peke yake inaokoa magemu mengi. Lakini kamusi ya Collins imejaa maneno ya Kiarabu, na mtoto yeyote aliyepita madrasa anayo tayari kichwani bila kukariri kitu. QIBLA imo, 16. TALAQ imo, 14. NIQAB, 16. QADI, ndo kadhi wetu, 14. SUQ, 12. Na kuna WAQF na FIQH ambazo kila moja ni 19 kwa herufi nne tu. Mzungu anazikariri hizo kama namba za simu, sisi tunazisikia kila Ijumaa. Ukiongezea na zile zilizotoka kwetu moja kwa moja, SAFARI, ASKARI, BWANA, PANGA, BOMA, na KANZU ambayo kwa Z yake na K yake ni 18, utaona kwamba tuna mtaji ambao hatuutumii. Q ukiivuta itoe mapema kwa hizo, usiitunze.

Ila nisije nikaonekana nahubiri bingo tu kama vile hakuna lingine. Kuna Mnigeria anaitwa Wellington Jighere, 2015 kule Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia, fainali alimpiga Mwingereza Lewis Mackay 4-0, na moja ya maneno yaliyoandikwa sana magazetini ni FELTY, pointi 36, herufi tano. Wanigeria walikuwa wamelifanyia kazi hilo suala: neno refu linakupa pointi lakini linafungua ubao kwa mpinzani na linamaliza vigae vyako vizuri vyote, unavuta saba vipya ambavyo hujui ni nini. Kwahiyo mara nyingine wana bingo mkononi na wanaweka neno la herufi tano, wanabana ubao, wanabaki na vizuri vyao. Watu walishangaa sana maana kwa miaka mingi ilionekana kwamba anayejua maneno marefu ndo bingwa. Mimi naona haipingani na nilichosema, inakikamilisha. Jighere hakuwa anatunza Z. Alikuwa anatunza herufi nzuri, na nzuri ni zile zile za pointi moja.

Na kama bado unadhani huu ni mchezo wa lugha, kwamba anayejua Kiingereza sana ndo atashinda, basi kuna Nigel Richards wa New Zealand. Huyu ana ubingwa wa dunia wa Kiingereza mara kadhaa. 2015 akaenda Ubelgiji kwenye mashindano ya dunia ya Kifaransa, akashinda, na Kifaransa hazungumzi. Alikuwa ameikariri kamusi yao kwa kama wiki tisa. 2024 akarudia mchezo huo huo Granada, Hispania, kwa Kihispania, akachukua tena. Maana ya maneno haimhusu, kwake neno ni sura ya herufi basi. Kuna watu linawakera hilo, wanaona ni kama kudhalilisha lugha, mimi silioni hivyo, mimi naona linatupa moyo sisi ambao Kiingereza tulikikuta darasani.

Sasa turudi nyumbani maana hapa ndo nilipotaka kufika. Shemeji yangu ana ubao wa Kiingereza wa kawaida na tumekuwa tukiutumia kucheza kwa Kiswahili, na yote niliyosema hapo juu inabidi uyaangalie upya.

Kwanza raha yake. Kiswahili kinapenda kupangwa upya kuliko Kiingereza, kwa sababu neno linaishia na irabu na konsonanti na irabu zinapokezana, kwahiyo ukibadilisha konsonanti nafasi mara nyingi unapata kitu kinachotamkika. Chukua A, I, L, M. Nne tu. LIMA, MALI, MILA, LAMI, IMLA. Chukua A, I, K, T, U: KIATU, TUKIA, KUTIA. Hapo bado hujatoa jasho.

Halafu angalia hizi saba: A nne, K, N, T. Mchezaji wa Kiingereza akivuta hizo anarudisha karibu zote kwenye mfuko, A nne utafanyia nini. Kwa Kiswahili hapo umelamba dume. Mipangilio yote inayowezekana ni 210, lakini huhitaji kuiangalia, wewe weka A zako nne kama nguzo, A na nafasi, A na nafasi, A na nafasi, A, halafu hizo konsonanti tatu zinaweza kukaa kwa namna sita tu. ANATAKA. ANAKATA. ATAKANA, yule wa mahakamani atakana mashitaka yote. AKANATA, gari likaingia kwenye tope likanata na yeye akanata. Nne tayari, kila moja ni sentensi nzima yenye mtu na wakati na tendo, na kila moja ni bingo. Kwa vigae vya Kiingereza ni 11 jumlisha 50, 61.

Na hapo ndo ugomvi unapoanzia. Ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta kata, taka, kana, nata. Hutakuta anakata. Sasa je inaruhusiwa? Ukikataa, umeua nusu ya lugha, maana hakuna Mswahili anayesema "kata" peke yake akiwa anaeleza jambo, na kwa Kiingereza CUTTING na NASTIER wanaruhusu kwahiyo sisi kwanini tujibane. Ukikubali yote, mchezo unakuwa mwepesi kupita kiasi: WA, LI, KI, TA, NA, KU, ME, kila mtu ana bingo kila raundi, na mtu anaweza kubandika mpaka ubao ukaisha, WALITAKA na WALIKATA ni herufi nane zile zile. Sisi tumekubaliana hivi: kitenzi kinaruhusiwa na kiambishi cha mtu na cha wakati, basi, hakuna kuongeza mtendwa katikati, hakuna kubandika KULE na PALE mkiani. Siyo sheria ya popote, ni ya nyumbani kwetu, na kila nyumba iandike yake kabla ya kuvuta kigae cha kwanza siyo baada.

Shida nyingine ni vigae vyenyewe. Bei za Butts zilihesabiwa kwenye gazeti la Kiingereza, kwetu hazina maana. A ziko 9 tu, zinaisha mapema gemu bado bichi. K iko moja, pointi 5, wakati kwa Kiswahili K iko kila kona, KU, KA, KI, KWA, unaipata 5 kwa kazi ya bure. W nayo 4, mtu anaweka WA anaondoka na 5 kama amegundua kitu. Q na X hazina kazi yoyote, C inasubiri H yake. Na ile ramani ya herufi nzuri inageuka kabisa, S haina uchawi tena maana wingi wetu unakaa mbele ya neno, herufi ya kutunza sasa inakuwa A, na M, na K, na N.

Kwahiyo tumezichora upya. Q na X tumezifuta tukaandika A na K, K zote sasa ni 1, W ni 1, na jokeri zimebaki mbili. Shemeji anataka Z iwe 4, mimi nasema 3, hatujaelewana. Na ile mipangilio sita ya A nne, mbili zilizobaki ni ATANAKA na AKATANA. Ya kwanza tumeitupa wote bila maneno. Ya pili shemeji ameikatalia itupwe, anasema kutana nywele ni kuzichana, wazee walisema hivyo, na kama siyo hivyo basi kitana kilitoka wapi, na mimi jibu la hilo bado sina, kwahiyo kwenye karatasi ya matokeo ana 57 zake na ameshazipigia mstari chini.